Maduara ya Penseli ya Bwana Samaki

Mtu akiniuliza nimefanya nini cha ajabu maishani, nitamjibu ukweli: niliwaua nguva wa ghuba nzima kwa kalamu ya wino, nikiwa Mandewa, Singida, nimekaa kwenye kiti cha mama yangu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kwa sababu ya mafua. Bahari sijawahi kuiona. Mbali kabisa nilikofika ni Manyoni. Nilikwenda kwenye msiba, na kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kupanda basi la kurudi. Wengine hukosea kwa sababu ya kutangatanga. Mimi nilikosea nikiwa nimetulia nyumbani.

Kosa lenyewe, ukilitazama kwa macho tu, ni dogo. Nilipewa ramani niinakili. Ilikuwa na alama za wino na alama za penseli. Nikazipitishia zote wino ili ipendeze. Basi, hilo tu.

Mwenye ramani tulimwita Bwana Samaki. Serikali ya siku zile ilikuwa na mabwana wengi: Bwana Shamba, Bwana Mifugo, Bwana Afya. Na sisi wa Singida, ambao bahari tunaisikia redioni, tukaletewa Bwana Samaki, awalinde perege wa maziwa yetu mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Alikuwa amefanya kazi pwani ya kusini miaka mingi, kisha akahamishwa. Watu walisema aligombana na mkubwa wake. Mwenyewe alisema barua ya uhamisho ilikuwa na mhuri mzuri, kwa hiyo akaitii.

Jina hilo la kazi lilimkera kidogo, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwa kiumbe ambaye si samaki. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake, alinianza kabla sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye Karani mwenye mwandiko? Sasa sikiliza. Nguva si samaki. Ananyonyesha. Anapumua hewa hii hii unayoimaliza wewe. Ukimbana chini ya maji anazama, kama utakavyozama wewe."

"Mimi siendi majini, mzee."

"Ndiyo maana uko hai."

Nilikuwa karani wa kijiji kipya kilichoanzishwa kando ya barabara ya Ihanja, wakati watu walipokuwa wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kupangwa kwa mistari. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza. Mwalimu wangu mmoja alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko akili yangu. Nililichukua kuwa ni sifa, mpaka nilipoanza kunakili ramani za watu.

Ramani ya Bwana Samaki ilikuwa karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi ya unga wa ngano. Ilikuwa ni pwani, kutoka midomo ya Rufiji kushuka kusini, na kila ghuba na mkondo alikuwa ameuchora kwa mkono wake mbaya uliokuwa kama wa kuku aliyekanyaga majivu. Juu ya maji alitia alama. Alikuwa akiitengeneza kwa barua. Kila mwezi alituma karatasi ya maswali kwa watu aliowaacha huko: umemwona lini, wapi, hai au amekufa, peke yake au na mtoto. Mwandishi wake mwaminifu kuliko wote alikuwa mkunga wa zahanati moja ya ghubani, ambaye wavuvi walimsimulia na yeye akaandika. Bwana Samaki hakutaka maili. Alitaka miti. "Mbele ya mikoko mitatu iliyopinda, maji yakiwa yamekupwa," mkunga ataandika, na yeye kule Mandewa, kilomita zisizo na idadi kutoka kwenye tone la bahari, atafumba macho, afumbue, kisha atie alama.

Niliisifia. Nilisema, mzee, kumbe wako wengi hivi, angalia nukta zilivyojaa.

Akaweka kidole juu ya nukta moja.

"Hizo nyeusi ni waliokufa," akasema. "Wamenaswa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa papa. Mtu huniandikia akishamkuta amezama. Aliye hai nani atamwandikia barua? Hai ni hawa." Akaonyesha maduara madogo ya penseli, hafifu, yaliyokusanyika kwenye ghuba moja, ile ya mkunga, na mengine machache katika ghuba ya pili kusini yake. "Wino ni mfu. Penseli ni hai. Na hapa peupe, si kwamba hawapo. Ni kwamba sijaandikiwa."

Nilikuwa nimeisifia ramani ya makaburi. Nakumbuka nilirudisha mkono wangu kutoka kwenye karatasi kana kwamba imenichoma.

"Kwa nini hai hutumii wino nao?"

"Kwa sababu kesho anaweza kufa," alijibu. "Penseli inafutika."

Kama ningekuwa na akili sawasawa na mwandiko, maneno hayo yangenitosha.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Pale Singidani alikuwa mkali hadi watu wakamchukia. Nyavu za matundu madogo alizichoma ufukweni mbele ya wenyewe, na mmoja wao alikuwa mjane aliyelia mpaka sauti ikakauka. Jioni ya siku hiyohiyo nilimkuta nyumbani kwake akikaanga perege wadogo aliowanyang'anya. Nikamuuliza kama hao si ushahidi.

"Ushahidi unaoza," akasema. "Kaa, ule."

Nikala. Walikuwa watamu. Naandika hivi ili nisionekane nimesimama upande wa mjane.

Jambo lililonishtua zaidi lilitokea siku mama yangu alipomkaribisha ugali wa uwele na mlenda. Mezani, kwa namna ya kumfurahisha, mama akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumla huyo nguva.

"Mimi nimemla," akasema Bwana Samaki, akilowanisha tonge. "Mara tatu. Nyama kama ya ndama, na mafuta yake hayapati kuganda vibaya. Mtamu sana, mama."

Mama akaacha kula. Mimi pia. Hapo mtu huyu alikuwa ametumia miaka kuwaandikia wakubwa wa pwani wawazuie wavuvi wasimguse.

"Na huogopi kusema?" nikamuuliza.

"Ningeficha, mngeniamini kwa lipi lingine?"

Basi nikamuuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: wakiwa hai amewahi kuwaona mara ngapi. Alitafuna hadi mwisho, akameza.

"Mgongo. Mara moja. Labda lilikuwa gogo."

"Umelitia kwenye ramani?"

"Nimekwambia labda lilikuwa gogo."

Kumbuka hilo. Mtu aliyetoa roho yake kwa mnyama huyo hakujiruhusu hata duara moja la kwake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika.

Katikati ya nyumba yetu na yake palikuwa na ua wa Mama Jirani, Mnyaturu mwenye ng'ombe ambao idadi yao siitaji, kwa sababu hakuruhusu wahesabiwe kwa mdomo. Alimpelekea Bwana Samaki maziwa, na malipo yake yalikuwa ni kuuliza maswali. Aliposikia kwamba nguva hula nyasi chini ya bahari, akakaa chini kabisa.

"Nyasi? Basi ni ng'ombe."

"Ni kama ng'ombe, mama."

"Anazaa kila mwaka?"

"Mmoja, baada ya miaka kadhaa."

"Mgumba huyo. Mchungaji wake nani?"

Bwana Samaki akasema hana mchungaji. Mama Jirani akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna watoto wameachwa njiani. "Na wewe unawahesabu tena kwa sauti na kuandika," akasema. "Utawatia mkosi." Kisha akachukua kibuyu chake akaenda. Tangu hapo alimwita mzee yule mchungaji, na sijui kama ilikuwa ni kejeli au cheo.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana bila hiyo kosa halieleweki.

Pale ofisini kwa kijiji kipya nilichora ramani ya viwanja. Nyumba iliyokwisha kujengwa niliitia wino. Nyumba iliyotarajiwa niliitia penseli. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Kisha ikaja habari kwamba kuna wageni wanakuja kutazama maendeleo, na mwenyekiti wetu akainama juu ya meza yangu akaona penseli tele.

"Karani, hizi nyumba mbona zinaonekana kama wazo tu?"

"Hazijajengwa, Mwenyekiti."

"Zitajengwa. Tia wino."

Nikatia. Wageni wakaja, wakaitazama ramani, wakatazama dirishani kwenye vichaka, wakaitazama ramani tena, na wakapiga makofi. Wakarudi wengine, nikatia tena. Baada ya mwaka wa namna hiyo mkono ulikuwa umejifunza: penseli ni uvivu, wino ni kazi iliyokamilika, na kazi isiyokamilika haitoki ofisini. Sikuwa nikifikiri tena. Sehemu kubwa ya kijiji chetu ilikuwa imejengwa kwa wino wangu, na watu walilala kwenye vibanda vya nyasi.

Ndipo pwani nako wakaanza kupanga vijiji vya uvuvi. Kamati ya huko ingekaa kuamua watu wapelekwe ghuba zipi na wagawiwe majarife. Rafiki wa zamani wa Bwana Samaki akamwandikia: tuma ramani yako, lakini iwe nakala safi, ile ya kwako hakuna atakayeisoma. Bwana Samaki akaniletea. Alinawa mikono kabla ya kuikunjua, kama afanyavyo siku zote, na mimi alinitaka ninawe.

"Nakili kila kitu kama kilivyo," akasema. "Barua ya maelezo nitaandika mwenyewe."

Akaenda Kindai siku tatu kukagua nyavu. Mimi nikashikwa na mafua, nikaomba ruhusa kazini, nikaketi na beseni langu. Nilichora kwa raha. Sitaficha, ilikuwa ramani nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuchora. Mikoko niliipa majani, dira nikaiwekea nyota. Mwisho nikaona yale maduara ya penseli, hafifu, yakichafua ghuba nilizopamba. Mkono ukaenda wenyewe. Nikayajaza moja moja, yakawa nukta nyeusi kama wenzao.

Bwana Samaki alirudi asubuhi basi likiwa tayari linanguruma stendi. Ramani nilikwisha kuikunja na kuishonea kitambaa cha amerikani. Alitia barua yake kwenye bahasha, akaniuliza, "Iko sawa?"

"Safi kabisa, mzee."

Akaniamini. Mpaka leo hakuna neno linalonikera kama hilo *safi*.

Jibu lilikuja baada ya majuma. Alikuja nalo nyumbani, hakubisha hodi, na hilo kwake lilikuwa jambo geni. Akanipa nisome kwa sauti. Waliishukuru kazi yake. Walisifu usafi wa ramani. Kisha: *Katika barua yako umeomba nyavu zisipelekwe penye maduara ya penseli. Kamati imeitazama ramani yote na haikuona duara hata moja. Kwa hiyo imeridhika kwamba hakuna mahali pa kuzuia.* Ghuba ya mkunga ingekuwa ya kwanza kupata kijiji, kwa kuwa ilikuwa na maji matulivu.

Niliposoma neno *duara* nilijua. Bwana Samaki alikuwa bado anafikiri wamekosea kutazama. Nikamwambia. Nilisema kwa haraka, bila kupumzika: wino, mafua, Mwenyekiti, wageni, mkono wenyewe. Nilitegemea anipige. Alikaa kwenye kiti cha mama, akaweka mikono magotini, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti, kama mtu anayehesabu. Nadhani alikuwa anahesabu maduara.

Siku hiyohiyo alipiga simu ya maandishi kutoka posta. Akaandika barua, na nyingine, na nyingine. Majibu yalikuwa ya adabu. Watu wamekwisha kuhamishwa, nyumba zimeanza, nyavu zimegawiwa. Na mimi karani wa kijiji nilijua zaidi ya mtu yeyote kwamba watu wakishahamishwa hawahamishwi tena kwa sababu ya barua.

Kisha barua za mkunga zikaanza kufululiza, kila mara akitaja mahali palepale. *Amenaswa mmoja, jike. Wamenaswa wawili, mama na mtoto, mtoto alikuwa bado ananyonya.* Nilikuwa naenda kwa Bwana Samaki kumsomea, kwa sababu nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu na nilitaka kuimaliza. Ile ramani yake mbaya ilikuwa mezani. Kila barua alichukua kifutio, akafuta duara, akaweka nukta ya wino. Siku moja, baada ya barua ndefu kuliko zote, hakuchukua kifutio.

"Hutii alama, mzee?"

"Ya nini?" akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi. "Pale ghubani ramani yako imekuwa sahihi."

Niliondoka bila kuaga. Nilifika kwetu, mama akaniuliza kama nina malaria.

Tangu siku ile nilimkwepa miaka mingi, jambo gumu kwa watu waliotenganishwa na ua mmoja wa ng'ombe. Nilijifunza kupita nyuma, kwenye mashamba ya uwele. Nilisikia kwamba kupandishwa cheo kulimpita, kisha kwamba amestaafu na hakurudi pwani. Nilisikia macho yake yameingiwa na ukungu. Yote niliyasikia kutoka kwa Mama Jirani, ambaye aliyasema akiwa anakamua, bila kunitazama, kwa sauti ya kutosha kuvuka ua.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari Mama Jirani alipokuja mlangoni kwetu. "Mchungaji anakuita. Leo usipite kwenye uwele."

Nilimkuta kwenye mkeka, mwembamba, macho meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Aliijua hatua yangu.

"Karani. Kuna barua, sioni kuisoma."

Ilikuwa ya yule mkunga, mzee naye sasa, mwandiko umelegea. Alikuwa amekwenda ofisi ile ya pwani kwa shida zake, na ukutani ameikuta ramani yangu. Imetiwa kwenye kioo. Mkuu wa ofisi alimwambia hakuna nyingine nzuri kama hiyo, ndiyo wanayoitumia mpaka leo. Na sasa wanataka kupeleka nyavu kwenye ile ghuba ya pili, ya kusini. Wameitazama ramani, hakuna duara, hakuna kizuizi. *Lakini hapo bado wapo,* aliandika mkunga. *Juzi wameonekana.*

Nilisoma hadi mwisho. Ndipo nikaona chini ya barua mkunga amenakili maandishi ya pembeni mwa ramani, yaliyoongezwa na mtu wa ofisi: *Imechorwa na Bwana Samaki, ambaye amekiri kwa simu kwamba makosa yoyote ni yake.*

"Mzee, ulisema ni makosa yako?"

"Nilikupa mimi. Sikufungua kutazama."

"Ndiyo maana cheo..."

"Andika barua," akanikatiza. "Waambie ghuba ya pili ni hai. Waambie ni nani aliyejaza wino na kwa nini. Safari hii weka jina lako."

Niliandika hapo mkekani, jina langu lote, na jina la baba yangu. Nilipomaliza sikuweza kunyanyuka. Nikaanza kumwomba radhi: kwa nguva, kwa cheo, kwa miaka ya kupita nyuma. Nililia kama yule mjane wa nyavu. Bwana Samaki alikuwa amegeuzia uso wake ukutani, na sikujua kama ananisikia au amechoka.

Mama Jirani alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kibuyu mkononi.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Si huyu mzee aliyezama kwenye wavu. Barua mmeandika tangu zamani na wale ng'ombe wa baharini wakafa. Ramani uliichora wewe, na miguu unayo. Panda basi ukaibandue."